Nkoaranga: Usharika uliozaliwa baada ya damu ya Akeri

USHARIKA wa Nkoaranga wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), katika miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, ndio chimbuko la Ulutheri miongoni mwa Wameru. Ulianzishwa mwaka 1902, lakini historia yake inaanzia miaka sita kabla ya hapo, katika eneo jirani la Akeri.

Oktoba 1896, wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Kilimanjaro na kupiga kambi Akeri wakikusudia kufungua kituo. Usiku wa kuamkia Oktoba 20 walivamiwa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha, wakauawa pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao.

Chanzo hakikuwa mahubiri. Kapteni Kurt Johannes, kamanda wa jeshi la Wajerumani mjini Moshi, alikuwa na askari wake karibu na hapo, na machoni pa wenyeji wageni hao wote walikuwa kundi moja lililokuja kuitwaa nchi.

Kisasi kilikuwa kikali. Askari wa Johannes, wakisaidiwa na wapiganaji wa Kichagga, waliua watu, wakachoma nyumba, wakafyeka migomba na kuswaga mifugo. Mwaka 1900 Waarusha na Wameru walishurutishwa kujenga boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Wamisionari waliporejea mwaka 1902, walikuta watu waliokwisha kushindwa kwa silaha. Walifungua Nkoaranga, na mwaka 1904 wakafungua Ilboru kwa Waarusha. Kanisa lilifuatana na shule, na baadaye hospitali.

Waingereza walipowaondoa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu wa Kimeru ndio walioendeleza ibada na masomo. Mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, wasomi wa shule za misheni walikuwa miongoni mwa waliotetea ardhi hiyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliifikisha kesi yao Umoja wa Mataifa, New York.

KKKT iliundwa mwaka 1963. Mwaka 1992, baada ya mgogoro mkali, Wameru walipata dayosisi yao, na Nkoaranga ikawa chini yake.