Waliofuatwa Hadi Nyumbani

Miaka yote niliyouguza katika wodi za wagonjwa wa akili, swali la ndugu halikubadilika. Kijana ameletwa kwa mara ya kwanza, siku kadhaa hajalala, anajibizana na sauti ambazo wenzake hawazisikii. Daktari akishaandika skizofrenia kwenye faili na kuondoka, mama mtu hunivuta pembeni: "Sista, mwanangu atapona?" Jibu la haki la swali hilo limetafutwa kwa zaidi ya miaka 100, na njia ya kulipata ni ngumu: kumfuata mgonjwa tangu mwanzo wa ugonjwa, mwaka hadi mwaka, hata akishatoka hospitali.

Mjerumani Emil Kraepelin, akiwa Heidelberg miaka ya 1890, alikuwa akimwandikia kila mgonjwa kadi: alikuja na dalili gani, aliendeleaje, aliishiaje. Katika kuzipanga kadi hizo aliona kundi la vijana ambao akili zao zilizidi kudhoofika, na kitabu chake cha mwaka 1899 kikawatenga na wale wanaougua kwa vipindi kisha kurejea hali yao. Tangu hapo mwisho mbaya ukawa kama sehemu ya ugonjwa wenyewe. Eugen Bleuler wa Zurich aliupa jina la skizofrenia mwaka 1908, lakini hofu ya Kraepelin ilibaki vichwani mwa madaktari.

Naijua hofu hiyo, kwa kuwa wodi huizalisha kila siku. Aliyepata nafuu yuko shambani, au dukani kwake, wala hana haja ya kuja kutusalimia. Tunaokutana nao asubuhi na jioni ni wale ambao ugonjwa umewalemea, na baada ya miaka michache muuguzi huanza kuamini kwamba wagonjwa wote huishia hivyo. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, walilieleza kosa hilo la hesabu waziwazi, nami natamani lingefundishwa katika kila chuo cha uuguzi.

Manfred, mtoto wa Bleuler, aliligundua mapema kwa kazi ya mikono yake. Alikulia Burghölzli, hospitali iliyoongozwa na baba yake, na baadaye akaiongoza yeye. Aliwachukua wagonjwa 208 waliolazwa mwaka 1942 na 1943, akaendelea kuwafuatilia yeye mwenyewe, pamoja na jamaa zao, kwa zaidi ya miaka 20. Katika kitabu alichotoa mwaka 1972 alionyesha kwamba, kwa wastani, baada ya miaka 5 hivi ya mwanzo hali haiendelei kuharibika, na wapo waliopata nafuu wakati kila mtu ameshakata tamaa. Namheshimu sana mtu huyu. Ni rahisi kumtuma msaidizi na fomu. Yeye aliwajua watu wake kwa sura na kwa koo zao.

Kisha habari ikafika Afrika, na hapa ndipo inaponigusa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianzisha utafiti wa wagonjwa 1,202 katika miji 9, Ibadan ya Nigeria ikiwemo pamoja na Agra, Cali, London, Moscow na mingine. Maswali ya Mwingereza John Wing yalitafsiriwa kwa lugha 7, Kiyoruba ikiwa mojawapo. Si kazi ndogo. Mtu akisema kuna anayemtilia mawazo kichwani, muulizaji lazima atofautishe dalili ya ugonjwa na imani ya kawaida ya kijiji kizima kuhusu uchawi, la sivyo atawahesabu wazima kuwa wagonjwa.

Wagonjwa walitafutwa tena baada ya miaka 2, kisha baada ya 5. Wengi walitarajia kwamba penye madaktari wengi ndipo penye nafuu. Ikawa kinyume: wagonjwa wa Ibadan, Agra na Cali waliendelea vizuri kuliko wa nchi tajiri. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1978, uliwatafuta hasa watu wanaougua kwa mara ya kwanza, hata waliokuwa wamekimbilia kwa waganga wa jadi. Walipatikana 1,379 katika nchi 10. Baada ya miaka 2, waliopona kabisa walikuwa asilimia 37 katika nchi maskini, na asilimia 15.5 katika nchi tajiri.

Sababu bado zinabishaniwa. Wengi walitaja familia, nami sishangai, kwa sababu tangu mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo alikuwa ameshaionyesha nguvu yake huko Aro, Abeokuta: mgonjwa alipanga chumba kijijini pamoja na ndugu yake, akaja hospitali kutibiwa na kurudi. Tanzania nayo baadaye ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili.

Hata hivyo, sitaki tujisifu. Mwaka 1998 watafiti wa Ethiopia walianza kupita nyumba kwa nyumba wilayani Butajira, kusini mwa Addis Ababa. Waliwahoji watu 68,378, wakawapata 321 wenye skizofrenia, ambao wengi wao hawakuwahi kutibiwa hospitali. Walipowafuatilia, karibu theluthi walikuwa wakiugua mfululizo, na waliokaa karibu muda wote bila dalili hawakufika asilimia 6. Wagonjwa wa akili walioendelea kufuatiliwa huko kwa miaka 10 walikuwa wakifa mapema mno, wakipoteza takriban miaka 30 ya maisha, na maradhi ya kuambukiza ndiyo yaliyoongoza kuwaua. Kwa maoni yangu Butajira ilionyesha kile ambacho Ibadan haikuweza kukionyesha: mgonjwa ambaye hakufika popote. Familia bila dawa huchoka.

Kwa hiyo mama akiniuliza, humwambia kwamba wapo wanaopona kabisa, wengi huishi na vipindi vya kuugua na kupoa, na kwamba tarehe ya kliniki isirukwe hata kijana akionekana mzima. Namwomba pia asimwache na homa wala kikohozi kwa kudhani kila kitu ni kichwa.

Ombi langu jingine ni kwa wakubwa wa hospitali zetu. Mirembe ya Dodoma ipo tangu mwaka 1927, Mathari ya Nairobi ni ya zamani zaidi, na kila siku mafaili mapya yanafunguliwa. Wapeni wauguzi nauli na simu wawafuate wagonjwa hadi majumbani, miaka 5, 10, 20. Waanze na waliolazwa kwa mara ya kwanza mwaka huu.