Shule za kanisa zinazofundisha muziki: dhamira yake ni ipi, na ngoma ya Burundi ina nafasi gani?

Rumonge, mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, una nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya kanisa nchini Burundi. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadre Weupe, walifungua hapo kituo chao cha kwanza nchini humo. Hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, waliuawa kufuatia mzozo uliohusu mtoto aliyekuwa chini ya ulezi wao. Kanisa lilirejea mwaka 1898, likianzia Muyaga.

Wimbo ndani, ngoma nje

Katika shule za misheni, uimbaji ulikuwa njia ya kufundisha dini kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamejifunza kusoma. Wanafunzi walikariri nyimbo za Kilatini, lakini ngoma iliachwa nje ya mlango wa kanisa. Kwa Kirundi, neno *ingoma* humaanisha ngoma na pia ufalme, na ngoma takatifu Karyenda ilikuwa alama ya mamlaka ya mfalme. Wamisionari walihofia kwamba kuipokea ngoma kungekuwa kuzipokea pia imani zilizoambatana nayo.

Mtazamo huo ulibadilika taratibu. Mwaka 1958 kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, Katanga, chini ya padre Mbelgiji Guido Haazen, ilizuru Ulaya na *Missa Luba*, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi ya Kikongo na kusindikizwa kwa ngoma. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki ufundishwe katika seminari na shule za Kikatoliki, na mapokeo ya muziki ya kila taifa yaheshimiwe. Kwa upande wa Walutheri, chuo cha Ruhija, mkoani Kagera nchini Tanzania, kimejulikana kwa kuandaa viongozi wa kwaya.

Maadili yanayofundishwa

Dhamira ya shule za aina hii ni kuandaa waimbishaji, wapiga kinanda na walimu, na kuhifadhi nyimbo za jamii. Hata hivyo, nidhamu ndiyo msingi wake. Katika kwaya ya sauti nne, anayeimba kwa nguvu kuliko wenzake huharibu wimbo hata kama sauti yake ni nzuri. Mwanafunzi hufunzwa kusikiliza kabla ya kusikika.

Swali ambalo halijajibiwa

Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Oktoba 2017, amri ya rais iliwakataza wanawake kuipiga na kutaka maonyesho yake yaidhinishwe na serikali. Wanaoitetea amri hiyo husema inalinda mila, ilhali wakosoaji huiona kuwa ubaguzi.

Kwa mwalimu wa muziki, hilo ni suala la darasani. Msichana anaweza kusoma nota, kutunga zaburi na kuongoza kwaya yenye wanaume watu wazima. Ngoma ya taifa lake inapoletwa, yeye hubaki mtazamaji.