Ukuta wa Silinda

Nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi, nimeshika taa, mjomba anafungua injini ya pikapu iliyokuwa inakula oili kuliko petroli. Kichwa cha silinda kilipotoka akaingiza kidole kwenye silinda ya tatu, akakishusha taratibu, akasimama. "Lete mkono wako." Nikagusa. Macho hayakuona kitu, lakini ukucha ulikwama kwenye ufa mwembamba kama unywele. Injini ile ilishachongwa mara mbili, na karakana ya mwisho ilichonga kupita pale chuma kilipokuwa tayari kufika. Mjomba alikuwa bingwa wa matusi, siku hiyo hakutukana. Alisema tu, "Walitaka pistoni kubwa, mjomba. Ukuta hawakuuuliza."

Tuliweka silivu, pikapu ikaondoka, nikasahau. Ufa ule ulinirudia miaka mingi baadaye niliposoma habari za Hemi 426 ya Chrysler, injini ambayo wapenzi wa magari Marekani wanabishana juu yake kama sisi tunavyobishana juu ya Simba na Yanga. Kila anayeisimulia anaanza na nguvu za farasi. Mimi nataka kuanza na ukuta, maana nguvu ile ilipatikana mapema tu. Kilichowatoa jasho ni kuishikilia.

Jina kwanza. Hemi ni kifupi cha nusu tufe. Chumba cha kuunguzia mafuta, pale juu ya pistoni, kimechimbwa ndani ya kichwa kama bakuli lililofunikwa. Umbo hilo lina uso mdogo ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo joto kidogo zaidi linapotea kwenye chuma na kubaki kusukuma pistoni. Tena valvu zinakaa pande mbili zinazotazamana, hivyo unaweza kuzifanya kubwa: hewa inaingia huku, moshi unatokea kule, njia imenyooka. Gharama yake fundi yeyote anaiona akifungua kifuniko. Valvu zikitazamana hivyo, roka zinahitaji shafti mbili kwa kila kichwa, kichwa kinakuwa kipana na kizito, na plagi inabidi ishuke katikati kupitia kwenye kifuniko chenyewe.

Chrysler hawakuligundua wazo hilo, lilikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa Vita ya Pili walitengeneza injini ya ndege ya aina hiyo, silinda 16, ikaruka kwenye ndege ya kivita ya P-47 katikati ya 1945, vita ikiwa inamalizika. Ndege ikawekwa kando, elimu ikabaki. Mwaka 1951 wakauza magari ya kawaida yenye Hemi ya inchi za ujazo 331 na nguvu za farasi 180, na kufikia 1958 wakaiacha kwa sababu ilikuwa ghali kuitengeneza. Vijana wa mashindano ya kukimbia robo maili wakaziokota zile kuukuu kwa wauza vyuma chakavu.

Basi tuje Daytona, Florida. Ule uwanja una mzunguko wa maili mbili na nusu na kona zilizoinuliwa nyuzi 31, na mashindano yake makubwa ya Februari ni maili 500. Gari linakanyagwa hadi mwisho karibu muda wote. Hakuna pa kupumzisha injini. Mwaka 1963 Ford walichukua nafasi tano za kwanza. Kabla ya hapo Lynn Townsend, rais wa Chrysler, alikuwa ameshataka injini ya kushinda Daytona ya Februari 1964. Mhandisi Tom Hoover na wenzake walibaki na muda wa mwaka mmoja na ushee, ambao kwa kuunda injini ni kama kuambiwa upike pilau la harusi wageni wakiwa wameshanawa mikono.

Kwa hiyo hawakuanza upya. Walichukua bloki kubwa iliyokuwepo kiwandani, wakaivalisha kichwa cha Hemi kilichopanuliwa. Kipenyo cha silinda inchi 4.25, mwendo wa pistoni inchi 3.75, silinda nane: inchi za ujazo 426, kwetu lita 7. Valvu ya kuingiza hewa ilikuwa na upana wa inchi 2.25, karibu milimita 57. Yaani valvu moja inakaribia kifuniko cha chupa ya chai.

Napenda kukaa kwenye mambo mawili ya bloki ile, mniwie radhi wasiopenda grisi. Krenki ya chuma kilichofuliwa ilishikwa na beringi kuu tano, na vifuniko vya zile tatu za katikati vilifungwa kwa bolti kutoka chini na nyingine kutoka ubavuni mwa bloki, ili krenki isivicheze. La pili ni njia za hewa. Zilikuwa pana kiasi kwamba bolti za upande wa ndani za kichwa zilikosa pa kupita. Wakaweka stadi zinazoshuka kwenye bonde la tapeti, nati zikafungwa kutokea chini. Nikiwaza fundi anayefungua kichwa hicho mara ya kwanza, amelegeza bolti zote anazoziona na kichwa hakitoki, nacheka peke yangu.

Injini ilipowashwa kwenye mashine ya kupimia, nguvu ilikuwepo. Tatizo lilianza walipoiacha ikimbie kama itakavyokimbia Daytona, mafuta yote, bila kupumzika. Wiki chache kabla ya mashindano, kuta za silinda za upande wa kulia zikaanza kupasuka.

Sababu yake inaelezeka kwa mkono. Mafuta yakilipuka, pistoni haisukumwi chini peke yake. Fimbo inayoishika imelala upande, inaielekea krenki inayozunguka, kwa hiyo pistoni inaegemea ukuta mmoja wa silinda na kuukandamiza kila mlipuko. Kwenye injini ya kwenda sokoni egemeo hilo unalijua kwa mkwaruzo baada ya miaka. Kwenye lita 7 zinazozunguka kwa kasi bila kuachiwa, ni nyundo. Wahandisi walirudi kwenye kiwanda cha kumimina chuma huko Indianapolis, viini vya mchanga vikapunguzwa ili chuma kiwe kinene upande unaokandamizwa, bloki mpya zikamiminwa. Zilifika Daytona dakika za mwisho. Ukiniuliza mimi, Daytona ya 1964 ilishindwa au kushindikana pale kwenye mchanga wa kiwandani.

Tarehe 23 Februari 1964 Plymouth zenye Hemi zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Richard Petty, kijana wa miaka 26, aliongoza mizunguko 184 kati ya 200. Mwaka uliotangulia aliyeanza mbele alifuzu kwa kasi ya kama kilomita 259 kwa saa. Mwaka huo Paul Goldsmith alifuzu kwa kama 281. Ongezeko hilo ndani ya miezi kumi na miwili, kwa magari yaleyale mazito, breki zilezile, na matairi yaliyokuwa yanaikimbiza kasi kwa nyuma.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Joe Weatherly alikufa Januari kule Riverside. Fireball Roberts aliungua Charlotte mwezi Mei, akafariki Julai. Hao hawakuwa kwenye Hemi, na si haki kuibebesha injini moja misiba yote. Lakini Jimmy Pardue, yule aliyeshika nafasi ya pili Daytona, alikufa Septemba akijaribu matairi. NASCAR, chini ya Bill France, wakaipiga marufuku Hemi kwa msimu wa 1965. Hoja yao nyingine ilikuwa kwamba haiuzwi kwa wananchi, na mashindano yale yalidai kuwa ya magari ya dukani. Chrysler wakasusa.

Petty akahamia mashindano ya robo maili. Akaweka Hemi kwenye Barracuda ndogo, ubavuni akaandika kwa Kiingereza kwamba imepigwa marufuku, kama mtu anayejisifia kufukuzwa shule. Tarehe 28 Februari 1965, mwaka mmoja na siku tano baada ya ushindi wake, kwenye njia ya mashindano karibu na mji wa Dallas jimboni Georgia, gari lile liliacha njia, likapanda tuta na kuingia kwa watazamaji. Mtoto wa miaka minane alikufa, wengine wakajeruhiwa.

Sehemu hii wasimulizi wengi wa Hemi huipa sentensi moja, halafu haraka 1966. Nami nawaelewa, kwa sababu 1966 kuna utamu: Chrysler waliamua kuiuza dukani ili wairudishe kihalali, kabureta mbili, nguvu za farasi 425 kwenye karatasi na zaidi ya hapo barabarani. Hadi 1971 waliuza kama 11,000 tu, na leo ukiikuta moja ni mali ya mnada. Mimi mwenyewe nikiisikia ikiunguruma huwa nasahau nilichokuwa nasema. Ila yule mtoto alisimama kwenye ukingo wa njia, na bloki ilikuwa imeongezewa chuma mwaka mmoja nyuma. Ukingo haukuongezewa kitu.

Siku hizi magari ya kasi kuliko yote ya mashindano ya mstari ulionyooka, yale ya Top Fuel, bado yanatumia mpangilio uleule: kamshafti moja bondeni, valvu mbili kwa silinda, chumba cha nusu tufe. Bloki sasa ni aluminiamu, ujazo umefika inchi 500, mafuta ni naitromethani, na nguvu zinapita farasi 10,000. Inakimbia sekunde chache, kisha mafundi wanaifungua yote, silivu zinatolewa na kukaguliwa, inafungwa tena kwa mbio inayofuata. Nilimwonyesha mjomba video moja kwenye simu. Aliiangalia kimya mpaka gari likapotea, akanirudishia simu. "Rudisha nyuma," akasema, "nione watu wamesimama wapi."