"Mama yake" katika lugha tatu

Mwanafunzi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba Paulo anampenda mama yake, ni rahisi ateleze na kusema "her mother". Kosa hilo halitoki kwenye Kiswahili, kwa maana "yake" ya kwetu haijali kama mwenye mama ni mwanaume ao mwanamke. Linatoka kwenye Kifaransa: "sa mère" hufuata jinsia ya mama, na Kiingereza hufuata jinsia ya Paulo. Shuleni alifundishwa Kiingereza kwa Kifaransa. Akipakua programu ya simu, anaulizwa anajua lugha gani, naye anachagua ile ya darasani. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili anavushwa mito miwili ili afike ng'ambo moja.

Majirani walivuka kwa njia nyingine. Kati ya 1982 na 1985, Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za vijijini, nusu saa kwa siku. Sauti iliuliza, kisha ikanyamaza. Watoto wakajibu kwa pamoja, wakasimama, wakashika kitabu walichoambiwa, na sauti ikaendelea kana kwamba imewasikia. Mbinu hiyo ilianzia kwenye hesabu huko Nicaragua, miaka ya 1970. Ufundi wake wote naona umo katika ule ukimya wa sekunde chache, maana hapo ndipo kinywa cha mtoto kilipofunguka. Redio haikusikia kitu, lakini mwalimu alikuwa amesimama pale, akisikia. Katika mitihani ya kusikiliza, watoto hao waliwapita wenzao waliosoma bila redio.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, chombo kilikuja pamoja na amri. Mwaka 2008 serikali iliamua kuacha kufundisha kwa Kifaransa na kushika Kiingereza, na miaka hiyohiyo kompyuta ndogo za watoto zikaanza kuingia shuleni, hadi kupita 200,000. Nawaheshimu walimu waliobeba mzigo ule: wengi walisomea ualimu kwa Kifaransa, wakalazimika kujifunza lugha mpya huku wakiifundisha. Lakini kompyuta ya mtoto mmoja humwinamisha mtoto mmoja. Anasoma, anabonyeza, na kinywa kimefungwa.

Bukavu hakuna amri kama hiyo. Kifaransa ndicho lugha ya masomo, na Kiingereza ni somo la sekondari. Walimu wake wengi wamepitia ISP, chuo cha ualimu. Hata hivyo vijana wanakitaka Kiingereza kwa nguvu: kwa kazi za mashirika, kwa masomo ya Kampala, kwa biashara, na zaidi tangu 2022, nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi wanakutana kwenye vilabu vya Kiingereza, katika chumba cha darasa walichoazimwa, na kubishana. Mega za intaneti ni ghali, na umeme unakatika hata katika mji unaopakana na bwawa la Ruzizi. Kwa hiyo mwenye mega anapakua mazungumzo, anawarushia wenzake kwa simu, na duara lote linasikiliza sauti moja.

Duara hilo, kwangu, ni ndugu zaidi wa redio ya Kenya kuliko wa kompyuta ya Rwanda. Simu inazungumza, kisha watu wanajibu, na yuko mtu wa kusikia. Hapo hakuna anayemaliza saa nzima bila kutamka sentensi yake mwenyewe. Kinachonisikitisha ni kwamba hata hapo maelezo ya sarufi yanarudi kwenye Kifaransa, kana kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza chochote.

Kinaweza. Kiongozi wa duara na asimamishe sauti ya simu pale panapotajwa mama, aulize kwa Kiswahili: "Mwenye huyu mama, ni mwanaume ao mwanamke?" Wajibu: "Mwanaume, ni Paulo." Ndipo aseme: "Haya, sasa kwa Kiingereza."