Matofali mepesi: ukuta usioulemea msingi

Matofali mepesi ni matofali ya kujengea kuta ambayo uzito wake umepunguzwa kwa kuachiwa mashimo au kujazwa vipovu vya hewa. Katika Wandegeya, kitongoji cha Kampala kilicho chini ya kilima cha Makerere, wepesi huo una maana ya pekee: ardhi ni finyu, mabweni ya wanafunzi hupanda ghorofa juu ya ghorofa, na kando yake limelala bonde chepechepe la Katanga.

Jengo la ghorofa husimama kwa nguzo na mihimili ya zege yenye nondo. Kuta zilizo kati ya nguzo hugawa vyumba tu, lakini uzito wake wote huishia kwenye msingi. Ukuta wenye urefu wa mita 4, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 15, ukijengwa kwa matofali ya kuchoma yenye kilo 1,800 kwa kila mita ya ujazo, hufikia kilo 3,240. Ukijengwa kwa zege la vipovu lenye kilo 600, hufikia kilo 1,080, yaani theluthi moja.

Ziko aina tatu kuu. Ya kwanza ni tofali la saruji lenye mashimo. Ya pili ni tofali la udongo wa kuchoma lenye matundu, kama yatengenezwayo Kajjansi, katika barabara ya Entebbe. Ya tatu ni tofali la zege la vipovu, lililobuniwa nchini Uswidi katika miaka ya 1920 na Johan Axel Eriksson. Saruji, chokaa na mchanga laini huchanganywa na maji na unga wa alumini. Gesi ya hidrojeni huumua mchanganyiko huo kama hamira iumuavyo unga, kisha hukatwa vipande na kukomazwa kwa mvuke wenye shinikizo.

Tofali la vipovu hunyonya maji, hivyo ukuta wa nje sharti upigwe lipu. Hatari kubwa zaidi ni kuongeza ghorofa isiyokuwamo katika mchoro kwa hoja kwamba kuta ni nyepesi. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya Uganda ya mwaka 2013 inadai kibali kabla ya ujenzi, na hesabu ya uzito ni kazi ya mhandisi. Wepesi wa ukuta hauiponyi nguzo dhaifu.