Ukindu, Mayai na Udongo: Kazi za Mikono za Pasaka Mpakani mwa Busia na Tororo

Katika vitabu vingi vya watoto vilivyotufikia kutoka Ulaya, Pasaka ni sikukuu ya majira ya kuchipua. Theluji imeyeyuka, maua ya manjano yametokeza bustanini, na sungura mweupe apita akibeba kikapu cha mayai yaliyopakwa rangi. Mwalimu wa Busia au wa Tororo afunguapo kitabu cha namna hiyo mbele ya darasa lake huingiwa na mashaka. Theluji watoto hawajapata kuiona. Na sungura wamjuao ni yule mjanja wa hadithi za bibi. Lau angekutwa njiani na kikapu cha mayai, hakuna mtoto ambaye asingejua mara moja kwamba ameyaiba.

Hata hivyo, si kweli kwamba Pasaka ilifika mpakani petu kama mgeni asiye na kiti. Kwa hesabu ya kanisa la magharibi sikukuu hii huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, na kwa hiyo haiwahi kabla ya tarehe 22 Machi wala haichelewi kupita tarehe 25 Aprili. Siku hizo ndizo za mvua za masika. Kutoka Kiyeyi, katika nchi ya Wajopadhola, hadi kwenye vilima vya Wasamia, watu huwa shambani, na watoto huwa pamoja nao. Yafaa ikumbukwe kwamba Wasamia walikuwa wahunzi mashuhuri, na jembe lao liliuzwa mbali, hata likatolewa kuwa mahari. Mbegu yaoza ili ipate kuota: watu wa hapa walilijua jambo hilo kwa mikono yao kabla hawajalisikia mimbarini. Kwa hiyo tukitafuta kazi za mikono zifaazo kufanywa na jamaa nyumbani wakati wa Pasaka, hatuna haja ya kuanzia kwenye maua ya manjano.

Tuanze na matawi. Desturi ya kuandamana na matawi Jumapili iliyo kabla ya Pasaka ni ya kale. Mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyezuru Yerusalemu karne ya 4, aliandika jinsi watu walivyoteremka kutoka Mlima wa Mizeituni, watoto nao wakishika matawi ya mitende na ya mizeituni. Desturi hiyo ilipofika kaskazini mwa Ulaya, mitende haikupatikana, na watu wakalazimika kutumia mierebi na miti mingineyo. Huku kwetu hapakuwa na shida hiyo. Kando ya mito na kwenye mabonde yenye maji humea mkindu, ndugu wa mtende wa Arabuni, na mafundi wa kusuka walikuwa wakiutumia tangu zamani. Ni mti ule ule ambao makuti yake huwapa akina mama wa Pwani ukindu wa kusukia ukili, na ukili ukishonwa hupatikana mkeka. Huko Buganda nako makuti machanga ya mti huo hufanyiwa mikeka mizuri. Kumbe mwalimu wa Kiswahili wa Tororo anayefundisha neno 'ukindu' kama neno la watu wa mbali amelipita shina lake njiani asubuhi ile ile.

Msalaba mdogo wa ukindu ni kazi inayoweza kufanywa na mtoto wa miaka minane. Huchukuliwa kuti changa ambalo bado halijafunguka vizuri, na mkubwa ndiye alikate, kwa maana chini yake pana miiba mikali. Jani moja refu huchanwa kwa upana wa kidole kidogo. Sehemu moja huachwa isimame kama nguzo. Iliyobaki hukunjwa upande wa kulia, ikarudishwa kushoto, ili ifanye mikono miwili. Kisha ncha huzungushwa kwa mshazari penye maungano, mara moja huku na mara moja kule, na mwisho huchomekwa nyuma. Ukindu ukikauka mno huvunjika. Ndiyo maana msusi huulowesha kidogo au huufunika kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanza. Hilo mwalimu aliyesoma vitabuni huenda asilijue, bali bibi wa nyumba ya pili analijua.

Habari ya mayai ina mengi zaidi, na hapo ndipo tungependa kukaa kitambo. Wakristo wa kale walikatazwa kula mayai siku za mfungo. Kuku hawakujua habari za mfungo, wakaendelea kutaga. Basi ilipofika Pasaka mayai yalikuwa tele, na yakawa chakula cha furaha. Wakristo wa Orthodoksi huyapaka rangi nyekundu. Kanisa hilo si geni kwa Afrika ya Mashariki. Huko Uganda lilianzishwa na Mwafrika, Reuben Spartas Mukasa, mwaka 1929, likapokewa na Patriarki wa Aleksandria mwaka 1946. Na upande wa Kenya lina waumini wake katika nchi ya Waluhya.

Lakini yai lilipoingia katika sikukuu hii mpakani petu lilikuta lina mambo yake. Miongoni mwa Waluhya, kama miongoni mwa Waganda na makabila mengine ya huku, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, na katika sehemu nyingi wala mayai. Mama alifuga, alilisha, alifukuza mwewe, alimchinjisha kuku na kumpika, kisha akaweka nyama mbele ya wanaume. Miiko hiyo haikuondoka kwa siku moja. Iliondoka nyumba kwa nyumba, na katika jambo hilo shule na kanisa vilikuwa na sehemu yao. Kwa hiyo yai mkononi mwa msichana siku ya Pasaka, alipake rangi kisha alile, lilikuwa na maana ambayo mtoto wa Ulaya hakupata kuifikiria. Ni ajabu kwamba vitabu vyetu vya sanaa hufundisha kupaka rangi yai bila kutaja neno moja juu ya historia hii. Twadhani mwalimu akiieleza, hata wavulana watalitazama yai lao kwa macho mengine.

Liko na jambo la pili, nalo ni la umaskini. Yai ni kifaranga cha kesho, na kifaranga ni daftari au sabuni. Mzazi ambaye mwanawe amerudi kutoka shuleni akidai mayai sita ya kuchezea ana haki ya kukunja uso. Njia ya kumridhisha ipo. Yai hutobolewa kwa sindano juu na chini, tundu la chini likiwa kubwa kidogo, likapulizwa mpaka kiini na ute viteremke bakulini. Vilivyomo hukaangwa na kuliwa. Ganda huoshwa na kubaki kuwa pambo. Kama ni yai la kuchemsha, hutiwa sufuriani pamoja na maganda makavu ya vitunguu vyekundu, konzi mbili hivi, likatoka na rangi ya udongo mwekundu. Ukitaka rangi ya dhahabu, tia bizari ya manjano. Jani dogo likibandikwa juu ya ganda na kufungwa kwa kitambaa chembamba kabla ya kuchemsha, alama yake hubaki nyeupe. Hakuna kinachonunuliwa dukani ambacho jikoni hakimo.

Udongo ndio wa kale kuliko vyote. Mwaka 1948 Archdeacon W. E. Owen pamoja na Louis na Mary Leakey walitoa maelezo ya vyungu vilivyofukuliwa katika nchi ya Siaya, vile ambavyo leo huitwa vya Urewe kwa jina la mahali vilipopatikana. Vyungu hivyo vina umri wa zaidi ya miaka 1,500, na vingi vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikitia kidole kabla hakijakauka. Twapenda kuwaonyesha watoto picha zake. Mtoto afinyangaye ng'ombe kando ya mto Malaba ama mto Sio hutia kidole chake udongoni vivyo hivyo. Wakati wa Pasaka aweza kufinyanga ndege, kondoo, kaburi lenye jiwe lake. Na kazi zisizochomwa zikikauka kivulini hazipasuki upesi kama zianikwazo juani.

Kutoka nchi hizi za magharibi ya Kenya alitoka Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka 1922. Akaenda Makerere, ambako Bi. Margaret Trowell alikuwa ameanza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930, na mkono wake ndio uliochonga Sanamu ya Uhuru isimamayo Kampala tangu 1962. Bi. Trowell alikataa kuwapa wanafunzi wake sanamu za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia habari, za Biblia zikiwamo, naye akawaachia waone kwa macho ya nyumbani kwao. Elimo Njau wa Marangu, aliyepita shule hiyo hiyo, alichora picha tano katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, na humo mateso ya Bwana yanatukia katika nchi ya Wakikuyu, milima na migomba yake ikionekana.

Hata hivyo wazazi wetu wengi hawakuipenda kazi ya mikono shuleni, na hatuwezi kuwalaumu. Tangu tume ya Phelps-Stokes ilipopita huku mwaka 1924 ikisifu elimu ya ufundi na kilimo kwa Waafrika, watu walishuku kwamba kikapu kilikuwa kizuizi cha kitabu. Mtoto hakupelekwa shule akasuke. Kusuka alikujua nyumbani. Shaka hiyo ilikuwa na haki yake, nayo haijafa. Kenya iliifanya sanaa kuwa somo la mtihani wa shule za msingi chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, kisha ikaliondoa katika mtihani, na mara kipindi chake kikamezwa na hesabu. Mtaala wa umilisi umeirudisha. Upande wa Uganda mtihani wa mwisho wa msingi una masomo manne tu, na sanaa si mojawapo. Mwalimu wa mpakani huona mambo yote mawili kwa kuvuka barabara.

Palikuwa na miaka ambayo hata karatasi ilikuwa anasa. Katika Uganda ya miaka ya 1970, duka lilipokuwa tupu na vitu vikipitishwa Busia kwa magendo, mtu aliyeandika au kuchora alitumia alichokipata. Tororo ilikuwa na kiwanda cha saruji, na tabaka za ndani za mfuko wa saruji ni karatasi imara, yenye rangi ya kahawa, ambayo hupokea makaa na chokaa vizuri kuliko daftari. Mwaka 1979 Kampala ilianguka Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 11 Aprili. Ijumaa Kuu Yusuf Lule akaapishwa. Jumapili ikawa Pasaka, na huku mashariki vita vilikuwa bado havijakwisha. Mkindu ulikuwapo. Udongo ulikuwapo.

Rangi nazo zipo. Katika vilima vya Chelelemuk, upande wa Wateso wa Busia, uko mwamba wa Kakapel wenye michoro ya kale ya ng'ombe na ya maumbo yasiyosomeka, nyekundu na nyeupe. Kenya iliufanya kuwa mnara wa taifa mwaka 2004. Watoto wakipelekwa huko wasiguse. Wakirudi, wasage udongo mwekundu wa barabarani, wauchekeche, wauchanganye na ute wa lile yai lililopulizwa, na wachore kwa kijiti kilichotafunwa ncha.

Msalaba wa ukindu, ukiisha kutumika, hutundikwa juu ya mlango. Hukauka, hugeuka rangi ya majani makavu, na buibui hufanya makao nyuma yake. Mwaka unaofuata, kabla ya Jumatano ya Majivu, mtoto hutumwa auteremshe aupeleke kanisani ukachomwe, na akirudi hupita bondeni kuangalia kama makuti machanga yametokeza.