Fredericia: Mgeni Njoo, Ngome Ijae

Mfalme Frederik III wa Denmark alikuwa na ngome, watu wa kuijaza hakuwa nao. Miaka michache baada ya majeshi ya Sweden kuivamia rasi ya Jylland na kujitawalia watakavyo, mwaka 1650 aliamuru mji mpya ujengwe kwenye mlangobahari wa Lillebælt, uzungushiwe maboma na mahandaki. Mitaa ilipimwa kwa kamba ikanyooka. Wakazi wa vijiji jirani walilazimishwa kuhamia ndani, wapende wasipende. Bado viwanja vingi vilibaki vitupu, na mwaka 1657 Waswidi wakarudi, wakauteka.

Dawa aliipata mwanawe, Christian V. Mwaka 1682 aliutangazia ulimwengu kwamba atakayehamia mjini humo, ambao sasa uliitwa Fredericia, ataabudu kwa imani yake: Mkatoliki, Myahudi au mfuasi wa Calvin. Wahamiaji walipewa pia nafuu ya kodi, na wadaiwa waliokimbia madeni kwingine wakapata hifadhi. Huu haukuwa moyo mkunjufu. Mfalme alihitaji mafundi, wafanyabiashara na walipa kodi wa baadaye, na Walutheri wenye maisha mazuri hawakuona sababu ya kwenda kukaa ngomeni, kwenye mdomo wa mzinga. Alichofanya ni kuuza uhuru wa dini, na bei yake ilikuwa kuishi pale.

Ushahidi ulikuja mwaka mmoja tu baadaye. Sheria ya Denmark ya 1683, iliyotolewa na mfalme huyohuyo, iliuthibitisha Ulutheri kuwa dini ya ufalme na kuwatishia kifo watawa na mapadri wa Kikatoliki watakaoonekana nchini. Ibada iliyokuwa halali ndani ya maboma ya Fredericia ikawa hatari mashambani.

Waliobadilisha sura ya mji kuliko wote walifika kwa kuzunguka. Louis XIV alipofuta haki za Waprotestanti wa Ufaransa mwaka 1685, maelfu ya Waprotestanti hao, Wahugenoti wafuasi wa Calvin, walikimbilia Brandenburg, Ujerumani, na huko wakajikita katika kilimo cha tumbaku. Karibu mwaka 1720, Frederik IV akazialika baadhi ya familia zao Fredericia. Ile ardhi tupu iliyowaumiza vichwa wafalme ikawa mali: walipanda tumbaku ndani ya mji wenyewe, kwenye viwanja ambavyo hakuna aliyewahi kuvijenga. Wanasifiwa pia kwa kuwazoesha wenyeji viazi. Mwaka 1736 walipata kanisa lao, na kwa vizazi kadhaa waliozana wao kwa wao, wakihubiriwa kwa Kifaransa, baadaye Kijerumani, hatimaye Kidenmark. Majina kama Dupont, Honoré na Devantier yangali yanasikika Denmark, na wenye majina hayo huenda hawajui neno la Kifaransa.

Wakatoliki nao walijenga kanisa la Mtakatifu Knud mwaka 1767. Wayahudi walikuwa na sinagogi na makaburi yao, wakaishi kwa biashara. Lakini jamii yao ilitegemea upekee wa mji, na upekee huo ulikuwa na mwisho. Amri ya kifalme ya 1814 iliwapa Wayahudi wa nchi nzima haki za uraia. Kijana aliyeweza kufungua duka Copenhagen alikuwa na sababu gani ya kubaki Fredericia? Waumini wakapungua mmoja mmoja, na mwanzoni mwa karne ya 20 sinagogi likabomolewa. Makaburi yapo hadi leo.

Katiba ya Juni 5, 1849 ilieneza uhuru wa kuabudu Denmark nzima, hivyo fursa ya Fredericia ikawa haki ya kila mtu. Mwezi mmoja baadaye, Julai 6, wanajeshi wa Denmark walitoka mjini humo usiku na kuwafurusha waasi wa Schleswig-Holstein waliouzingira. Ushindi huo ndio unaosherehekewa mjini kila mwaka, kwa gwaride na maua. Tangazo la 1682 halina shangwe ya namna hiyo.

Hata katiba hiyo haikuwaweka wote safu moja. Kanisa la Kilutheri lilitajwa humo kuwa kanisa la umma linalosaidiwa na dola, na kifungu hicho hakijaondolewa. Wafuasi wa Calvin wa Fredericia, walio na kanisa lao lilelile la 1736, hawamo katika kanisa hilo la umma.